Bibi Afya na Beseni la Bluu

Jumatatu, 14 Julai
Nimedeki mara mbili. Asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, jioni baada ya kurudi. Beseni la bluu la choo cha sungura nimelisugua kwa dawa ya klorini mpaka linang'aa, nikatia maranda mapya ya fundi seremala. Sungura akaliangalia, akalipita, akakojoa kwenye mkeka wangu.

Siku ya tisa hii. Mwalimu mwenzangu Rehema alihamishiwa Lindi, akaniachia huyu kwa kuwa ni mimi peke yangu ofisini ambaye sikuuliza ana kilo ngapi. Nimemwita Bibi Afya. Hakuna kona ya nyumba ambayo hajaikagua.

Jumanne, 15 Julai
Mama Gaudensia, mwenye nyumba, kanikuta uani naanika tambara la kudekia. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akanusa hewa taratibu. Akasema Jumapili baada ya misa atapita ndani kwangu. Akikuta harufu ya mkojo, sungura aondoke. Ana shemeji yake Kiluvya anayejua kuwapika. Hakuwa anatania.

Usiku nimedeki tena.

Jumatano, 16 Julai
Godoro.

Nimemkemea, nikambeba kumpeleka kwenye beseni. Kanikwaruza mkono, kakimbilia chini ya kitanda, kakaa huko jioni nzima. Nimejichukia. Nimedeki.

Alhamisi, 17 Julai
Nimempigia Rehema. Kacheka mpaka nikataka kukata simu.

"Mwalimu, choo chako kinanukia sabuni. Atajuaje kama ni choo?"

Maagizo yake: dawa niache. Sakafu nifute kwa siki na maji. Kitambaa kilichofuta mkojo nikiweke ndani ya beseni, pamoja na vile vinyesi vyake. Majani ya kula niyaweke humo humo, upande mmoja, maana sungura hujisaidia huku anatafuna. Na nisimbebe. Nikae chini, nimsubiri.

Nilibisha. Nimekulia Njombe, kwa mama aliyekuwa anadeki kabla hatujaamka, na choo kilikuwa nyuma kabisa ya shamba la mahindi. Leo niweke chakula chooni, na uchafu niuache makusudi, siku tatu kabla ya ukaguzi.

Nimefanya.

Ijumaa, 18 Julai
Nimesahihisha madaftari nikiwa sakafuni, bila kumtazama. Daftari la ishirini hivi, akatoka chini ya kitanda. Akasugua kidevu chake kwenye kidole changu cha mguu. Rehema anasema ndivyo wanavyoweka alama kwenye mali yao. Kisha akatafuna pembe ya daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili. Sijui nitamweleza nini yule mtoto.

Vinyesi vikavu, kama punje za pilipili manga: kumi na saba ndani ya beseni, vinne nje. Nimevihesabu. Mkojo bado mkekani.

Jumamosi, 19 Julai
Maranda yamelowa! Nimefurahi mno. Mtu mzima, mwenye shahada, nafurahia mkojo.

Mchana furaha ikaisha. Nikiinamia beseni nasikia harufu, na Mama Gaudensia anakuja kesho. Nilisimama na chupa ya dawa mkononi muda mrefu. Nikisafisha, atarudi mkekani mbele ya mwenye nyumba. Nisiposafisha, Mama Gaudensia atanusa. Nimetoa yaliyolowa sana, nikaacha konzi moja ya yenye harufu. Chupa nimempa jirani, Baba Junior, anitunzie nisije nikashindwa.

"Na mboga inaendeleaje, Mwalimu?" akauliza. Kila siku anamuulizia sungura hivyo.

Jumapili, 20 Julai
Mama Gaudensia kaja na kitenge chake cha misa. Shikamoo, marahaba. Kachungulia chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kagusa godoro.

Bibi Afya akatoka. Akakagua miguu ya mwenye nyumba, wote wawili wako kwenye ukaguzi. Kisha akaruka ndani ya beseni, akageuka, akaanza kutafuna majani, akakojoa. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia.

Mama Gaudensia akajifunga upya kitenge. Halafu: "Wale wapangaji wa chumba cha nyuma hata maji chooni hawamwagi."

Akauliza sungura anakula nini. Jioni kaleta fungu la matembele. Habari ya shemeji wa Kiluvya haikutajwa. Anabaki.

Jumatatu, 21 Julai
Sijadeki.

Nimerudi kutoka kazini, nikakaa sakafuni. Kaja mwenyewe, kajilaza ubavu kando ya mguu wangu, anasaga meno polepole. Rehema anasema hiyo ni raha.

Nina miaka arobaini na miwili na nimeishi peke yangu karibu utu uzima wangu wote. Nilikuwa nasema napenda utulivu. Si kweli. Dada yangu Tumaini yuko Mabibo, si mbali, na mwaka wa pili huu haji na watoto. Mara ya mwisho nilikuwa nawafuata nyuma na tambara, kila walipokanyaga.

Nimempigia. Nimemwambia waje Jumamosi, kuna sungura. Akauliza watoto wavulie viatu wapi. Nikamwambia waingie tu navyo.

Akauliza kama naumwa.

Bibi Afya amesinzia. Mguu umekufa ganzi, nimeuacha hapo hapo.