Damu Iliyohesabiwa Vibaya

Kalemie

Yaya Bertin, kaka yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mke wako Christiane na watoto, na kwamba darasa lako huko Kongolo halikuchoshi sana. Sisi huku tunaanza kupumua. Mwanangu Jovial, ambaye mliambiwa anakufa kwa kansa ya damu, hana kansa. Nimechagua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ningekutukana kabla sijamaliza habari.

Ilianza kwa homa, macho yakawa manjano, na miguu ikamuuma hata hakutaka shuka limguse. Katika kliniki ya karibu na soko walimtoa damu wakaiweka ndani ya mashini yao mpya. Daktari akasoma karatasi, akatuambia chembe nyeupe zimezidi kupita kiasi, ni kansa, na hapa Kalemie haina dawa. Turudi naye nyumbani, tumpende tu.

Unajua Mama yetu aliishi kwangu tangu Papa afariki, akilala chumba kimoja na Jovial na kumkanda miguu kwa mawese. Mama mkwe alipokuja na watu wake wa maombi, alimtazama Mama. Akasema: “Damu ya mutoto haiishi bure. Muntu anayelala naye njo anaikula.” Yaani Mama ndiye mlozi.

Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta dawa ya maumivu. Niliporudi, kitanda cha Mama kilikuwa kitupu. Mume wangu Salomon na ndugu zake walikuwa wamempakia katika boti ya kwenda Zongwe, kwa shangazi, na kitenge kimoja mwilini. Jirani aliniambia Mama hakujitetea. Aliuliza tu nani atamkanda mtoto. Nami sikuweza kumfuata, mtoto alikuwa anazimika mikononi mwangu.

Jovial alipokuwa mweupe midomoni, nilimbeba mgongoni bila ruhusa ya mtu hadi hospitali nyingine, kwa Dokta Élysée. Daktari huyo mwanamke alitazama ile karatasi akauliza: “Nani aliangalia damu hii kwa macho, kwa mikroskopi?” Nikasema sijui. Akapaka tone kwenye kioo, akainama akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akafanya kipimo kingine.

Jovial ana SS, Yaya. Ule ugonjwa wa selimundu, ambao chembe nyekundu zinapinda na kuvunjika. Dokta alinieleza kwamba mwili ukipungukiwa damu unatoa chembe nyekundu changa, ambazo bado zina kiini ndani, na mashini ikiona kiini inazihesabu kuwa chembe nyeupe. Akasema ni kama vitoto vya mukebuka, yule samaki mkubwa, vikiingia kwenye ndagala, dagaa wetu: anayepima kwa beseni ataviita vyote ndagala. Walimwongezea damu siku ile ile.

Nilirudi kwenye ile kliniki nikiwaka. Mkuu wa labo wanakopima damu, Papa Didier, akanijibu kwamba mashini ni mpya, haidanganyi. Nikamwonyesha alama kando ya namba. Dokta Élysée alikuwa amenieleza: mashini yenyewe ilikuwa na shaka, ikaomba jicho la mtu. Papa Didier akasema wagonjwa ni wengi, mikroskopi iko kabatini tangu mashini ifike. Kabatini! Nikapiga kelele mbele ya wagonjwa wote kwamba mashini iliomba msaada, wao wakakataa kuinama, na mama yangu akaitwa mlozi. Waliita mlinzi. Nikamwambia asinishike, nitatoka mwenyewe.

Nyumbani nilimwambia Salomon kwamba SS haitoki kwa bibi anayelala na mtoto. Inatoka kwa baba na mama pamoja, kwake na kwangu. Akalia. Sikumbembeleza. Ndipo, kwa kujitetea, akasema hakumfukuza peke yake: alikupigia simu kwanza, wewe mtoto wa kwanza wa Mama. Na wewe ukajibu: “Kama bazee wameona hivyo, mumutoe. Lakini asije huku kwangu.”

Nilimwambia anaongopa. Akaapa kwa jina la mtoto.

Yaya, wewe ni mwalimu. Hukuuliza hata swali moja. Mashini isiyo na roho iliweka alama ya shaka; wewe uliyenyonya ziwa la Mama hukuweka.

Nimemrudisha Mama. Amekonda, na anakohoa. Mama mkwe hakanyagi tena mlango wangu, na Salomon anajua kwamba akisema neno, atatoka yeye. Mama hajui jibu lako. Kila Jumapili anauliza kama Bertin amepiga simu. Sitamwambia, lakini sitakutungia uongo pia.

Wapime watoto wako SS, kwa sababu damu yetu ni moja hata nikikukasirikia. Na uwaombe wa labo waangalie kwa macho.

Msalimie Christiane, wabusu watoto. Jovial anakusalimu. Salamu zako kwa Mama usizipitishe kwangu; panda treni uzilete mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Émérence