Mama, Kumbe Ilikuwa Ngano Pia

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila kukuamkia ungenikata jicho hata huko uliko.

Wiki iliyopita tulipanda milimani Mgeta kwa misa ya kukuombea. Mvua zilikuwa zimebomoa kaburi upande mmoja, kina mjomba wakalijazia udongo, sasa halijambo. Ila mimi nilizua jambo kanisani. Wakati wa komunyo watu wote walisimama, nikabaki kwenye benchi. Binti wa marehemu! Dada yako, Mama Mkubwa Agata, alinigeukia na yale macho yenu. Tulipotoka hakuzunguka: "Una mimba, au ile hali yako imekurudia?"

Ile hali yangu. Hata wewe hukuwahi kuipa jina. Nilikuwa kidato cha tatu, tunaishi Morogoro mjini, nikaanza kuogopa chakula kama watu wanavyoogopa nyoka. Nilificha matonge ya ugali kwenye mfuko wa sketi, nikanywa maji na kusema nimeshiba. Kila nguo ilipolegea nilijiona nimeshinda. Wewe ulikuwa unarudi kutoka kufundisha, chaki bado vidoleni, unanikandia chapati, kwa kuwa ndicho chakula pekee nilichokubali kukimega. "Kula kwanza, utalia baadaye." Na nililia kweli, maana tumbo lilijaa na kuuma. Nilipokuambia, ulisema natafuta sababu. Hata mimi nisingejiamini.

Sasa sikia. Baada ya kukuzika niliharisha, nikakonda, damu ikapungua. Majirani walisema ni majonzi, nami nikaafiki. Daktari mmoja hakuafiki. Walipima damu, wakanishushia kamera tumboni, wakakuta nina siliaki: nikila ngano, mwili wangu unaushambulia utumbo wake wenyewe hadi chakula hakifyonzwi. Hostia, ule mkate wa komunyo, nayo ni ngano, ndiyo maana sikuipokea. Padri amesema nikimwambia mapema atanipa divai peke yake.

Nilimuuliza daktari: kutokula kwangu ndiko kulikoleta ugonjwa huu, au ugonjwa ndio ulionitia hofu ya kula? Akasema mambo haya mawili yameonekana kuandamana kwa watu wengi, pengine hili linatangulia, pengine lile, ila kwangu hawezi kujua. Nimelifikiria sana hilo. Natamani kusema ilikuwa ngano tu, nikuletee habari hiyo safi, upumzike. Lakini niliogopa hata wali, na wali hauna ngano. Kwa hiyo tumbo langu halikudanganya, na wewe hukukosea kunihofia. Chapati zako usizijutie, Mama. Bila zile nisingekula chochote, na leo nisingekuwepo kukuandikia. Nakukumbuka mpaka naumia.

Linalonitisha ni jingine. Sasa nina ruhusa ya kukataa. Nasema, "Siwezi, nina ugonjwa," na sahani inaondolewa bila maswali, watu wananionea huruma, halafu ndani yangu yule msichana wa kidato cha tatu anachekelea. Kwenye harusi ya jirani nilikataa hadi maharage, na maharage hayana kosa lolote. Nililala njaa nikijisikia vizuri. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilimweleza Mama Mkubwa yote haya nyuma ya kanisa. Nilitegemea mahubiri. Badala yake, tulipofika nyumbani alichemsha magimbi kwenye sufuria ya peke yake, mbali na unga wa maandazi ya wageni, akaniwekea na kukaa mbele yangu kama ulivyokuwa ukikaa. Nilikula mpaka aliporidhika yeye, si mimi.

Haya, Mama, nakuacha upumzike. Ahadi yangu ni moja. Kila nitakapokataa chakula kwa sababu ya ngano, nitaomba kingine palepale na kukila mbele za watu. Na siku nitakayokataa bila kuomba kingine, mimi mwenyewe nitampigia simu Mama Mkubwa, kabla hajaniuliza.

Mwanao,
Leokadia