Makochi Yangu Kwa Mke Mwenzangu

Jumatatu, 3 Juni

Kuku tisa wametolewa sebuleni kwa Mama Chacha. Wa kumi amegoma. Nimemwacha chini ya kitanda mpaka kesho.

Marwa, dalali wetu, amesema nyumba inayonuka kuku haipati mnunuzi. Kalenda zitoke ukutani pia. Nyingine ni za tangu mzee, mume wetu, akiwa hai. Mama Chacha akasema kalenda hazimli mtu. Nimezibandua mimi.

Nyumba ni yake. Mzee alimwachia ile, mimi akaniachia hii, hatua ishirini mlango kwa mlango. Sasa anauza aende Mwanza kwa mwanawe Chacha. Macho yamechoka. Mwezi uliopita alijikwaa kwenye sufuria ya uji wa moto, mguu ukababuka. Chacha anaogopa mama yake kuishi peke yake. Mimi naogopa kuondoka kwake. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 5 Juni

Nimepaka rangi kuta zote. Mgongo sina. Mama Chacha amekaa kwenye kigoda ananisimamia. Haoni vizuri, lakini ananionyesha mahali nilipoparuka. Na kweli nimeparuka. Inaudhi.

Miaka thelathini na moja ananikosoa. Wiki yangu ya kwanza hapa alionja ugali wangu akasema ni uji uliosimama. Mbele ya wakwe. Tangu siku ile kila mmoja na mafiga yake, kila mmoja na moto wake. Hata kwenye msiba wa mzee tulipika majiko mawili.

Ijumaa, 7 Juni

Marwa anasema nyumba tupu haivutii. Viti vya Mama Chacha vimekufa zamani. Nimempa makochi yangu, meza, mapazia ya maua, na vitambaa alivyofuma binti yangu Rhobi. Sasa kwake kunapendeza kama kwa mkuu wa shule.

Kwangu kumebaki mkeka na redio. Nimekaa kwenye mkeka nikalia kidogo. Si kwa ajili ya makochi.

Jumamosi, 8 Juni

Wanunuzi wa kwanza. Mwalimu aliyehamishiwa hapa Mbalibali, na mkewe mwenye mimba kubwa. Wana adabu, shikamoo zao za kuinama. Mke amegusa ukuta nilioupaka akatabasamu. Walikuwa wanaipenda, niliona.

Marwa alipotoka kupokea simu, nikamwambia mwalimu bati linavuja juu ya kitanda.

Halivuji. Halijawahi kudondosha hata tone. Mdomo ulikwenda wenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani. Sikuimba.

Jumanne, 11 Juni

Mnunuzi wa pili, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nimemwambia tena habari za bati. Kwa sauti ya huruma kabisa. Akawasha pikipiki yake akaenda.

Nina aibu. Nimefagia uwanja wa Mama Chacha mara mbili, kama vile ufagio utanisamehe. Chacha amepiga simu kuuliza kwa nini nyumba nzuri hivyo haiendi. Nikasema watu wa siku hizi wagumu.

Alhamisi, 13 Juni

Marwa amekuja amefura. Kiti amekataa. Ametusimamisha wote wawili barazani.

"Mama zangu, mnauza au mnanichezea? Huyu anasema bati linavuja. Huyu naye anawaambia watu tembo wanapita nyuma ya choo kila wiki! Nani atanunua?"

Tembo alipita hapa mara moja tu. Rhobi alikuwa bado ananyonya.

Nikamgeukia Mama Chacha. Naye akageukia upande niliosimama.

"Wewe, bati langu linavuja tangu lini?"

"Na tembo wako je?"

Amecheka mpaka kanga ikamdondoka. Halafu kicheko kikageuka kilio. Akasema Mwanza hamjui mtu, huko atagombana na nani? Marwa akavaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Nikamshika mkono Mama Chacha. Sikumbuki kama niliwahi kuushika kabla ya leo. Mwepesi sana.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempigia Chacha simu, nimesema mwenyewe, Mama Chacha akiwa pembeni yangu. Nyumba iuzwe kama ilivyopangwa. Lakini mama yako haendi Mwanza, anakuja kwangu. Chumba cha Rhobi kiko wazi tangu aolewe. Usiku nitakuwepo, na uji wa moto nitamwekea mbali.

Chacha akauliza, mtaelewana?

Nikasema hapana. Mama Chacha naye akasema hapana.

Chacha akacheka. Atakuja mwezi ujao ampeleke kwa daktari wa macho, kisha atamrudisha. Amesema kumrudisha. Nimemsikia vizuri.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda kwa mwalimu, kwenye chumba alichopanga. Nikamwambia niliongopa. Bati zima, na tembo hawapiti. Mkewe akauliza kwa nini nilisema vile. Nimemwambia ukweli wote, nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Akaniletea kiti.

Wanakuja tena kesho kuiangalia.

Jumatatu, 24 Juni

Mwalimu amenunua nyumba, akahamia jana. Asubuhi hii nimeona nguo zao kwenye kamba ya Mama Chacha. Imeniuma, lakini kidogo.

Makochi yangu yamerudi, na Mama Chacha amekuja nayo. Na kuku kumi. Mafiga yake tumeyabeba pia, amekataa kuyaacha. Jikoni kwangu hakuna nafasi ya majiko mawili, kwa hiyo mawe yake matatu yako nje karibu na mlango. Amekalia moja, anaota jua.

Mchana nimesonga ugali kwenye moto wangu, tukala sahani moja. Amemega, ametafuna polepole, akasema ni uji uliosimama.

Kisha akasogeza sahani nimwongeze.