Kasi ya Vidole Visivyokuwapo

Jumapili, alasiri. Mvua ilianza mara tulipotoka misani na haijakata. Kutoka barazani ziwa halionekani. Pale lilipo pamekuwa peupe tu.

Daftari langu, niwie radhi. Tangu Noeli sijakufungua, mimi niliyewaadhibu wanafunzi kwa kuacha ukurasa mmoja mtupu. Sikuugua wala sikusafiri. Nilikuwa nikicheza.

Nimeliandika neno hilo, na sitalifuta.

Nilipostaafu ualimu, mwanangu anayefanya biashara Kigoma alinipakilia melini televisheni ndogo na mashine yake ya michezo, ili, alivyoandika, Papa asikae bure. Niliiita takataka. Baada ya mwezi sebule yangu ikawa ukumbi wa mtaa. Kila Jumapili majirani huja na viti vyao kucheza kwa zamu mchezo mmoja tu, wa askari anayekimbia msituni akipiga risasi. Mimi ni mwamuzi wao, kwa kuwa nyumba ni yangu na kwa kuwa wanasema Mwalimu hajui kudanganya.

Moba nako, mji mwingine wa ziwani, wanayo mashine kama hii, na wametualika tushindane nao. Atakwenda mtu mmoja, kwa meli ya Jumamosi hii.

Ili tumpate kwa haki, niliandika kanuni saba na kuzibandika ukutani. Nilikataza kelele, kusimama mbele ya kioo na kumgusa mchezaji mkono. Manete zangu mbili, yaani vile vibao vya vitufe anavyoshika mchezaji, zilikuwa zimechakaa. Kwa hiyo katika kanuni ya saba niliandika kwamba aliye na manete yake na aje nayo. Nilizisoma kwa sauti mbele ya wote, nikajisifu moyoni kwamba sikuacha mwanya.

Jumapili iliyopita walibaki wawili: Mama Riziki, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye kidole chake cha shahada kimeota sugu kwa mazoezi, na Kabwe, fundi wa redio. Kabwe alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia katika karakana ya reli, cha shahada na cha kati. Tangu siku hiyo alikuwa akijifungia na redio zake. Hata misani alikaa nyuma kabisa na kutoka wa kwanza. Alikuja na manete yake mwenyewe. Akashinda. Watu walimbeba juu hadi barabarani. Niliona meno yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Nilipiga makofi, lakini sikio langu lilikataa. Risasi zake zilifuatana sawasawa kama saa ya ukutani, bila kuchoka wala kukwaa. Nimesahihisha imla kwa miaka thelathini. Karatasi isiyo na kosa hata moja ilinifanya kila mara nimtazame aliyeketi jirani.

Nilinyamaza. Mama Riziki hakunyamaza.

"Papa Mwalimu, mi niko na vidole kumi, natoka jasho. Huyu iko na nane, hata hahemi! Njo nini hii?"

Kabwe hakukana. Alitoa bisibisi mfukoni, akaifungua manete mbele yetu. Ndani alikuwa amelehemu vipande vya redio ya zamani na uzi mwembamba wa shaba. Ukibonyeza kitufe mara moja tu na kukishikilia, risasi zinajipiga zenyewe.

"Basi tupakize manete ndani ya meli," Mama Riziki akasema, "ye abakie!"

Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Kabwe hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Papa Mwalimu, we unavaa malunete kwa kusoma. Nani alishakuambia unaiba macho?"

Nilizivua hizo lunete nikazifuta, nipate muda. Nikaichukua manete, nikasema nitaandika jina la msafiri Ijumaa ya mkesha wa meli.

Nimeitafuta hoja juma zima. Miwani yangu inanipa macho waliyo nayo wengine. Hainipi macho ya tai. Manete ya Kabwe inampa kidole ambacho hakuna binadamu aliye nacho. Hapo nilidhani nimemaliza. Siku ya Jumatatu nikapita kibandani kwake na kumweleza hivyo. Akanijibu kwamba aliipima ile kasi kwa kukumbuka vidole vyake vya zamani, akapunguza na kuongeza mpaka ikalingana.

Nani atashuhudia kasi ya vidole visivyokuwapo tena?

Na kanuni ya saba imeandikwa kwa mkono wangu. Kabwe aliifuata. Mama Riziki naye aliifuata, tena kwa jasho. Kila nikimtetea mmoja, namwona mwingine amesimama mlangoni na beseni lake au na bisibisi yake.

Sasa maungamo. Alhamisi asubuhi nilifunga mlango, nikaichomeka manete ya Kabwe. Tangu nimeanza mchezo huu sijawahi kuvuka daraja la pili. Askari wangu hufia pale pale. Safari hii nilivuka. Nikavuka maporomoko, nikaingia ngomeni, nikafika mwisho. Nilipiga kelele peke yangu, kinyume cha kanuni ya kwanza. Kisha nikaona aibu. Na furaha haikuondoka. Vilikaa pamoja, na bado vimekaa.

Kuna jambo jingine, la zamani kuliko hili.

Hapa mtaani, kabla ya televisheni, tulicheza kisolo, mchezo wa mbegu na mashimo. Wazee wetu walituachia desturi ambayo mgeni huishangaa: unaruhusiwa kuiba mbegu. Mpinzani akikuona na kusema papo hapo, unairudisha na unapoteza zamu. Asipokuona, au akiona na kunyamaza, mbegu ni yako, na watu watausifu mkono wako. Mkono wangu ulisifiwa sana. Wala sikuwahi kulipeleka jambo hilo kwa padri, maana lilikuwa ndani ya mchezo.

Miezi michache baada ya ajali Kabwe alitoka mara moja tu, akaja kucheza nami. Mkono ule haukuwa umezoea. Mbegu zilimponyoka, zikatawanyika chini. Alipoinama kuziokota, nilichukua mbili katika shimo lake. Nikashinda. Watu wakacheka, nami nikacheka. Hakuja tena kucheza, nami nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya kidonda.

Leo, katika mvua hii, amekuja. Nilidhani anadai manete yake. Alisimama barazani akichuruzika maji, akakataa kuketi.

"Mi niliona ile mbegu, Mwalimu. Zilikuwa mbili."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuona unafurahi."

Kisha akaniuliza hali ya mguu wangu, huu unaoniuma siku za mvua, akaniambia nisiache kuukanda kwa maji ya moto, akaenda zake.

Nimeketi na neno lake tangu saa ile. Je, alikuja kunikumbusha deni, kwamba yeye alinyamaza, basi nami ninyamaze? Au alikuja kunionyesha jinsi inavyomuuma anayeona na asiseme? Kwa desturi yetu aliyenyamaza amekubali. Lakini yeye hakukubali. Aliacha tu kuja. Nami nikimpa safari kwa sababu ya mbegu zangu mbili, nitakuwa nimelipa kwa sugu ya kidole cha Mama Riziki, ambaye hakuniibia kitu wala hakuibiwa nami. Nikimnyima, nitakuwa nimechukua katika shimo lake mara ya pili, na safari hii watu wote wakitazama.

Nimewaza kuomba mchezo urudiwe kwa manete zangu mbovu. Kwa vidole vipi?

Mama Riziki amekwisha kukopa sanduku la safari kwa dada yake. Kabwe amenyoa ndevu.

Meli haitanisubiri nipate akili. Ijumaa nitaandika jina moja chini ya zile kanuni saba, na wote watalisoma. Nikishaliandika kule ukutani, nitalileta hapa kwako, Daftari, pamoja na sababu yake. Jina naweza kuliandika hata sasa, lolote kati ya hayo mawili. Sababu ndiyo siioni. Na ukiona Ijumaa imepita na ukurasa unaofuata ni mtupu, ujue nililiandika jina bila hiyo sababu.