Mkazi wa Mji Asiyeogopa Joka

Aberdeen, 6 Oktoba 1994

Dada Editha,

Shikamoo. Mimi niko salama, ila baridi ya huku ni ya kumkomoa mtu. Mama na Mjomba Athanas hawajambo?

Usinicheke. Wenzangu hosteli wana mchezo wa mezani, wa karatasi, dadu na majoka ya kubuni. Wao ni mashujaa. Mimi nimeambiwa nibuni mkazi wa mji, mtu wa kawaida tu atakayewapokea. Nimempa jina la Mjomba na ovaroli yake ya kiwandani. Imebaki nafasi moja kwenye karatasi: anaogopa nini? Hebu muulize, kwa mzaha.

Mdogo wako,
Leonard

Mlali, 24 Oktoba 1994

Mdogo wangu Leonard,

Marahaba. Mama anakula kwa kulazimishwa. Mjomba siwezi kumuuliza. Kiwanda kimeuzwa kwa mwekezaji, watu wamepunguzwa, naye yumo. Siku mbili alitoka hapa na ovaroli kama anakwenda zamu. Ya tatu hakurudi. Leo ni siku ya ishirini na sita.

Tuliogopa kukuvurugia masomo. Tumeuliza polisi, hospitali, hata kwa ndugu zetu kule juu milimani. Mbwa akibweka Mama anakimbilia mlangoni. Naogopa, Leonard. Na wewe unachezea jina la mtu ambaye hatujui kama yu hai! Lifute.

Dada yako,
Editha

Aberdeen, 5 Novemba 1994

Dada,

Shikamoo, na unisamehe. Jina sikulifuta. Mwenzangu anayeongoza mchezo aliniuliza, "Mtu wako akiaibika, anakwenda kwa nani?" Nikajibu bila kufikiri: si kwa ndugu, ndugu watamwonea huruma. Anakwenda kwa mtani wake.

Dada, yule Mnyamwezi Thobias, aliyejilaza kaburini siku ya kumzika Babu akagoma kutoka mpaka apewe kuku, si analima mpunga Dakawa siku hizi? Mmemuuliza? Nenda, tafadhali.

Leonard

Aberdeen, 8 Desemba 1994

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Sanduku la barua nalifungua mara tatu kwa siku. Andika hata mstari mmoja, hata kama ni habari mbaya.

Mdogo wako

Mlali, 12 Desemba 1994

Mdogo wangu,

Tumempata! Nimechelewa kuandika kwa sababu nilibaki Dakawa kumuuguza, malaria ilikuwa imembakiza mifupa. Alikuwa kwa Thobias kweli, anafukuza ndege kwenye mpunga na ovaroli ile ile. Thobias kila asubuhi alikuwa anamwambia, "Fundi mitambo mzima, leo unagombana na kwelea kwelea!" Mjomba anasema bila utani ule angekwisha kufa.

Nilimweleza habari ya karatasi yako. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwandikie mpwa wangu. Huyo mtu joka halimtishi. Anaogopa kuingia kwa dada yake mikono mitupu." Nililia, Leonard. Mtu aliyetulisha miaka yote hii!

Juzi aliingia, hana hata kifurushi. Alisimama uani kama mgeni. Mama alikuwa anasonga. Hakumuuliza alikokuwa. Alimwambia tu anawe, ugali unapoa.

Dada yako,
Editha