Salamu Zilizomaliza Batri

Salma mujukuu wangu,

Assalam aleikum, we na wote unaoishi nao huko kwenye baridi. Huku Jabe mama yako ni muzima, mjomba wako Hamadi amepata mutoto wa kike, na goti langu linauma vilevile. Karatasi haili batri, ndiyo maana nakusalimia yote.

We unayesomea mashine zinazoongea kwa nguvu ya jua, uliniuliza mbona kwenye simu mi natanguliza habari, salamu mwisho.

Wakati wa vita nilikuwa na foni dukani, ile redio ya kuitana. Dada yangu Mwajuma alikuwa na yake Rumonge, ya plake ya kuvuna umeme wa jua na batri moja. Kusikiliza kulikula umeme kidogo, kusema kulikula mwingi. Siku ile mawingu yalikuwa yamefunika tangu juzi. Mwajuma akapandisha nguvu ya foni mpaka mwisho ili tumusikie vizuri, akaanza kusalimia: mama, wajomba, watoto wote kwa majina.

"Shusha nguvu, Mwaju! Sema!" nikapiga kelele. Lakini mwenye kushika kifungo cha kusema hasikii.

"Sasa sikieni," akasema, "tunakimbia leo, mutupokee. Tunapitia..."

Batri yake ikaisha hapo. Kutoka Rumonge kuja huku kuna njia ya ziwa na njia ya milimani. Tuligawana, tukangoja kwenye zote mbili.

Mashine zako ziongee kwa nguvu gani, mi sijui. Salamu za Mwajuma zilitufikia zote, hata ya mama yako aliyekuwa mutoto. Yeye mwenyewe, apana.

Babu yako