Nafasi Moja, Nyumba Moja

Dada yangu mpenzi,

Pokea kwanza salamu zangu, kisha ukae chini, maana habari nilizo nazo hazisomwi kwa kusimama. Vipi goti lako? Yule daktari bado anakukataza ngazi, au umeshamshinda kwa ubishi kama ulivyotushinda sote? Shemeji hajambo? Wajukuu je? Sisi huku miili ni mizima, roho ndizo zinazohangaika. Tangu asubuhi nimefua mapazia yaliyokuwa safi, nimehamisha kabati na kulirudisha palepale, na chai nimeisahau jikoni mpaka sufuria ikaungua. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu utanikatiza, na ukinikatiza nitalia.

Unajua kwamba ushirika wetu wa akiba na mikopo ulipofungwa, mimi niliyekaa dirishani pale tangu usichana, nilirudi darasani jioni hadi nikapata shahada. Siku ile ya joho ulinicheka, ukasema nimefanana na mwavuli uliofungwa. Usichokijua ni kilichofuata. Benki moja ya maendeleo, ya hizi zinazokopesha serikali za nchi mbalimbali kwa ajili ya maji, barabara na umeme, ilitangaza nafasi moja ya mafunzo kazini. Mwanangu, huyu Msomi wetu aliyehitimu juzijuzi, ndiye aliyeniletea tangazo nimsaidie kuandika maombi. Nililisoma juu chini, chini juu, nikitafuta palipoandikwa umri. Hapakuwepo. Nilikosa raha, Dada, maana sikubaki na kisingizio. Nikamsaidia ya kwake, na alipotoka nikaandika ya kwangu. Sikumwambia mtu. Nilijua nitakataliwa, na aibu isiyoonwa na mtu si aibu.

Tukaitwa kwenye usaili sote wawili, siku moja. Yeye alitangulia, mimi nikaaga kwamba naenda kupima presha. Niliingia chumba cha kungojea na viatu vyangu vile vya harusi na misiba. Msichana wa mapokezi akaniamkia kwa adabu, akasema, “Mama, wanaosindikiza watoto wanakaa kule nje.” Nikamjibu kwamba nami nimeitwa. Akatazama orodha, akanitazama mimi, akarudi kwenye orodha. Vijana wote wakainua macho, na mmoja wao alikuwa mwanangu.

Nilidhani atakasirika. Kumbe aliangua kicheko kile chake cha utotoni cha kushika tumbo, akanisogezea kiti na kuninong'oneza, “Presha imepanda au imeshuka?” Tulicheka mpaka tukaombwa tunyamaze. Lakini nilipokuwa nacheka nikaelewa kwa nini yeye anacheka. Hakuniona kuwa mshindani wake hata kidogo. Jina langu likaitwa, nikaingia ndani.

Walikuwa watatu mezani, na wa nne kwenye skrini, sauti yake ikikatika kama redio mbovu. Mambo ya dhamana za mikopo niliyajibu. Walipofika kwenye sarafu kushuka thamani katikati ya mkopo nikajikwaa, nikaanza upya, nikajikwaa palepale, mwishowe nikasema hapo sijui, mtanifundisha. Yule wa kwenye skrini akauliza kama nitaweza kuamrishwa na kijana wa rika la mwanangu. Nikamwambia nyumbani kwangu yuko mmoja anayeniamrisha kila siku kuhusu kompyuta, na bado nampikia. Wakacheka. Nilitoka nikijua nimeharibu.

Siku nyingi zikapita, kisha simu ikaita nikiwa naanika nguo. Alikuwa mama wa ofisi ya ajira. Nafasi ni yangu, akasema, na nina mpaka Ijumaa kujibu. Nikamuuliza nani anafuata iwapo nitakataa. Akasita, akacheka kidogo, akasema anayefuata anatumia anwani kama yangu.

Jioni mezani niliwaeleza yote niliyoambiwa. Shemeji yako wa huku akasema uamuzi ni wangu, lakini mama ni mama. Hayo maneno, Dada, hayana mwisho, kila mtu huyamalizia apendavyo. Msomi safari hii hakucheka. Siku zilizofuata alikuwa mpole kupita kiasi. Aliosha vyombo bila kuambiwa, akafunga milango polepole, na upole ule ukanipigia kelele kuliko matusi. Hatimaye alinifuata uani, akasimama huku akizungusha kibanio cha nguo vidoleni, akasema, “Mama, mimi ndiyo kwanza naanza. Wewe umeshaishi. Niachie.” Nikamwambia aniache nifikirie hadi kesho.

Kesho yake nikamwambia hapana. Akaenda kufungasha nguo. Leo alfajiri amepanda basi kuja kwako, ati anakwenda kumsaidia Mama Mkubwa dukani. Barua hii huenda ikamkuta ameshafika.

Sasa nikuambie ambalo hata mume wangu halijui. Mwanangu aliponiomba nimwachie, hapakuwa na la kufikiria. Nilishakubali siku ileile ya simu, palepale kwenye kamba, mikono ikichuruzika maji. Nilikubali baada ya kuambiwa anayefuata ni nani. Ijumaa waliyoihesabu wote ilikuwa imeshapita kabla hawajaisikia. Mume wangu akashauri, nikaitikia kwa kichwa. Mtoto akabisha hodi kwenye mlango niliokwisha kuufunga kwa ufunguo, nikamwacha abishe. Niliogopa kuonekana mama aliyesema ndiyo bila hata kusita, basi nikajitia kusita.

Huko kukubali hakuniumi. Nimejipekua moyoni kama mtu aliyepoteza funguo, nikitafuta majuto, sijayapata. Miaka yote ile nilipitisha ndoto za wengine kwenye dirisha dogo, na nikasema ahsante, anayefuata. Safari hii anayefuata nilikuwa mimi, na bahati mbaya nyuma yangu alisimama mwanangu. Linaloniuma ni yale maombi yake pale uani, alivyojishusha kuomba kitu ambacho hakikuwepo tena.

Mpokee, Dada. Mwache anune, anichambe akitaka, wala usinitetee. Hili usimwambie. Jumatatu naanza kazi, lakini Jumamosi, kabla ya hapo, nitakuwa kwako, nimwambie kwa mdomo wangu, anitazame usoni. Sitaki anisamehe upesi kwa sababu mama ni mama. Nataka anikasirikie kama anavyomkasirikia mtu mwingine yeyote aliyemshinda, kisha tuone.

Msalimie Shemeji, nibusie wajukuu, na ngazi uzikome. Msomi akikuuliza kama ni kweli mama yake alikesha akifikiria, usimjibu. Mwambie yuko njiani anakuja, amuulize mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba